Kaka yangu ndiye fundi wangu, na difu inalia

Mshauri, salaam.

Nimeianza barua hii mara tatu nikaifuta, kwa sababu kila nikiisoma naona nimeandika habari za gari, wakati usiku ninayemuwaza ni kaka yangu.

Gari lenyewe ni la milango miwili, silinda sita, injini mbele, na nguvu yote inakwenda magurudumu ya nyuma kupitia difu, kile kisanduku cha gia kinachoyagawia nguvu magurudumu mawili, ya aina ya LSD, isiyoacha gurudumu moja lizunguke bure. Nilililia gari la aina hiyo tangu nikiwa kijana. Nilipolipata lilikuwa limeshatembea kilomita 140,000. Kaka yangu mkubwa ni fundi, na ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki nikiwa na miaka kumi na moja. Hajawahi kupokea malipo yoyote kwangu. Mimi nashika taa, yeye anashika spana, ndivyo tulivyo.

Miezi mitatu iliyopita aliona difu inavuja mbele, pale propela shafti, ule mhimili unaoleta nguvu kutoka mbele, inapoingilia. Akabadilisha sili, akamwaga oili ya zamani akaweka mpya. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshanunua bushi ngumu za poliyurethani za kushikia difu, akazifunga siku hiyohiyo badala ya zile za mpira. Kazi ilikula Jumapili nzima. Nakumbuka alivyochomeka bomba refu kwenye mpini wa spana ili afungue ile nati kubwa ya pinioni, gia ndogo inayoingiza nguvu ndani ya difu, akabana meno, nati ikaachia kwa mlio kama risasi. Tukacheka wote wawili.

Wiki iliyofuata kelele zikaanza. Kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa nasikia mvumo mwembamba nyuma ya kiti changu, kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Nikiachia mafuta na kukanyaga tena, hasa gia ya pili, inagonga "ko!" mara moja chini ya gari. Na nikikata kona kali taratibu wakati wa kuegesha, nyuma kunatetema "kra-kra-kra" kama matairi yanarukaruka.

Nilimwambia kaka mara moja tu. Akalizungusha mtaa mmoja, akashuka, akasema, "Mdogo wangu, gari la nguvu halinyamazi. Ulitaka bushi ngumu, ndizo hizo." Sikuongeza neno.

Baadaye, bila kumwambia, nikaenda gereji nyingine. Fundi wa huko aliliendesha dakika tano, akachungulia chini, akasema difu imekwisha, nibadilishe nzima. Kisha akauliza, "Nani alifungua hapa?" kwa sauti iliyonichoma. Rafiki yangu anayependa kukimbiza magari kwenye uwanja wa mbio naye anaapa kwamba ni beringi ya gurudumu la nyuma kushoto. Mke wangu hapandi tena gari hilo.

Nikibadilisha difu, kaka ataiona. Nikimwambia kazi yake imeharibu gari, nitakuwa nimemvunjia heshima mtu aliyenisomesha kwa mikono hiyohiyo. Nikinyamaza, naogopa siku moja gurudumu litagoma niko kwenye mwendo. Wakati mwingine nawaza niliuze tu hivyo lilivyo, atakayelinunua ajijue. Nisaidie.

Mdogo wa Fundi

*

Mdogo wangu,

Kabla sijaketi kwenye safu hii nililala chini ya magari miaka mingi, na niliwahi kuambiwa na mdogo wangu mwenyewe, kwa kuogopaogopa, kwamba gari nililomtengenezea linapiga kelele. Kwa hiyo barua yako nimeisoma nikiwa pande zote mbili.

Ninavyokuelewa, umefunga mambo mawili kwa kamba moja. Kelele zilianza baada ya kazi ya kaka, kwa hiyo kaka ndiye aliyezileta, kwa hiyo kuzitafuta chanzo ni kumshitaki. Naomba tuilegeze kamba hiyo kidogo. Huenda mwishoni ikarudi ilivyokuwa, lakini tusianze nayo ikiwa imekazwa.

Kwanza, unaandika juu ya kelele tatu ambazo tabia zao hazifanani. Moja inafuata spidi, nyingine inafuata mguu wako, ya tatu inafuata usukani. Ukimsikiliza mtu anayekupa jibu moja kwa zote tatu, awe anasema difu imekwisha, beringi, au bushi, muulize na zile mbili nyingine anazielezaje. Pili, mtu akishafunguliwa gari lake, masikio yake hufunguka pia. Je, kabla ya Jumapili ile ulikuwa unaendesha kwa kilomita 90 redio ikiwa imezimwa? Na bushi za mpira zina kazi ya kumeza sauti. Ukiweka ngumu, mvumo uliokuwepo miaka yote unapanda moja kwa moja kwenye bodi hadi kitini. Hapo kaka yako ana hoja, wala hakuwa anakupuuza.

Nianze na ile ya "kra-kra-kra", kwa kuwa ndiyo inayonipa matumaini. Difu ya LSD ya aina inayotumika sana ina sahani za klachi ndani yake, zinazobana ili gurudumu moja lisizunguke bure peke yake. Mhandisi Ferdinand Porsche aliiagiza difu ya LSD, ingawa si ya sahani, kwa kampuni ya ZF mwaka 1935, kwa sababu gari la mashindano la Auto Union lilikuwa na nguvu nyingi kiasi kwamba gurudumu moja la nyuma liliteleza hata kwenye mwendo mkali. Katika kona kali gurudumu la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani, kwa hiyo sahani hizo hulazimika kuteleza taratibu. Ili ziteleze bila kushikana na kuachiana, oili yake inahitaji dawa maalumu ya kulainisha msuguano. Oili nyingine huja nayo tayari, nyingine hazina. Muulize kaka aliweka oili gani, tena muulize kama mtu anayetaka kujua. Ikiwa ilikuwa oili ya difu ya kawaida, huenda tatizo lote la kona liko kwenye chupa. Huwekwa oili sahihi au huongezwa dawa, kisha gari huzungushwa polepole kwa umbo la namba 8 kwenye uwanja mpana, mara nyingi, ili oili ipenye kati ya sahani. Mtetemo ukiisha, umepata jibu. Usipoisha, sahani zenyewe huenda zimechakaa, lakini hata hapo si jambo la kukulaza macho usiku huu.

Ile "ko!" ni swali la mwanya. Kati ya injini na tairi kuna sehemu nyingi zinazoachiana kidogo, na ukiachia mafuta kisha ukakanyaga, mianya yote hufungwa kwa pigo moja. Meno ya pinioni na ya krauni, gia kubwa ya duara inayozungushwa na pinioni, yenyewe huachiwa nafasi makusudi, mara nyingi kati ya milimita 0.1 na 0.2. Gari la kilomita 140,000 likigonga kidogo si ajabu, na bushi ngumu hulifanya pigo hilo lisikike zaidi. Ila kaka alipobadilisha bushi alilegeza bolti zinazoshikilia difu, na bolti iliyokazwa pungufu hugonga vilevile. Huo ni ukaguzi wa nusu saa. Gari likiwa limeinuliwa na kuegemezwa vizuri, gia imetolewa, shika propela shafti kwa mkono uigeuze huku na huku. Tazama mwanya unaanzia wapi, kama ni kwenye jointi za propela, kwenye mpira wa kiungo, au kwenye draivushafti, zile zinazotoka difu kwenda magurudumuni. Jicho litaona kitu kimoja kikisogea wakati cha jirani kimetulia.

Hapa naomba unisikilize kama kaka. Kuinua kusiwe kwa jeki peke yake, weka stendi. Na gari lako lina LSD, kwa hiyo usije ukainua gurudumu moja la nyuma ukawasha injini na kuingiza gia. Lile lililo chini litapokea nguvu na gari litaruka kutoka kwenye stendi. Hata magurudumu yote mawili yakiwa hewani, kelele utakazosikia si zile za barabarani, maana hakuna mzigo na draivushafti zinaning'inia kwa pembe zisizo zake.

Sasa mvumo. Huu ndio ninaouchukulia kwa uzito, na ndio unaoigusa ile Jumapili. Ulivyoeleza nati ilivyoachia, niliweka barua chini kidogo. Nyuma ya nati ya pinioni, kwenye difu nyingi, kuna kibomba laini cha chuma kati ya beringi mbili. Kimetengenezwa kiminyike mara moja kwa kiasi maalumu, na kuminyika huko ndiko kunakoamua beringi zibanwe kiasi gani. Anayebadilisha sili kwa uangalifu huweka alama kwenye nati na kwenye shina kabla ya kufungua na kuirudisha palepale, au hupima mkazo kabla na baada. Nati ikikazwa kupita hapo, beringi hubanwa mno zikapata joto. Ikiachwa legevu, pinioni hucheza na meno hayagusani yanavyopaswa. Zote mbili zinaweza kuleta mvumo kama ulioutaja. Sisemi kaka hakuweka alama. Hukuniandikia, na pengine ulikuwa unatazama taa.

Lakini mvumo wa namna hiyo una wenyewe wengine, na mguu wako unaweza kuwatenganisha. Tafuta barabara iliyonyooka, tambarare, isiyo na magari mengi, na mtu wa pili wa kuandika. Kwenye 90 kanyaga mafuta kidogo, usikilize. Kisha shikilia spidi isipande wala isishuke. Kisha achia kabisa. Sauti ikibadilika kwa mguu, ikavuma ukikanyaga na kunyamaza ukiachia, au kinyume chake, elekeza macho kwenye meno ya difu na beringi za pinioni. Isipobadilika kabisa, gari likiwa kwenye spidi ileile, uwezekano mkubwa unahamia kwenye matairi au beringi za magurudumu.

Beringi ya gurudumu huungama ukiihamishia mzigo. Ukiyumbisha gari taratibu kuelekea kulia, uzito huegemea kushoto, na beringi mbovu ya kushoto huongeza sauti. Rafiki yako alifanya hivyo kabla ya kuapa? Kuna njia nyingine ninayoipenda. Gari likiwa juu ya stendi na injini imezimwa, zungusha gurudumu kwa mkono mmoja na mwingine uushike kwenye springi. Beringi nzima haisemi kitu. Iliyoharibika utaihisi kwenye springi kama mchanga unaosagwa, hata kama sikio halijasikia chochote. Fanya pande zote mbili, ulinganishe.

Tairi nalo usilisahau. Pitisha kiganja juu ya kashata zake kuelekea mbele, kisha urudishe nyuma. Kama upande mmoja ni laini na upande mwingine ni kama meno ya msumeno, tairi linaweza kuvuma hadi ukadhani difu inakufa, na sauti hubadilika ukihama kutoka lami laini kwenda lami ya kokoto. Magari ya nguvu mengi yana matairi ya nyuma mapana kuliko ya mbele, kwa hiyo huenda huwezi kuyabadilishana ili kujaribu. Kiganja kitakusaidia zaidi.

Na kwa kuwa umeutaja mvumo kuwa mwembamba, kuna hesabu ndogo. Tairi lenye mzingo wa mita 2 huzunguka karibu mara 14 kwa sekunde kwenye kilomita 100 kwa saa. Difu ikiwa na krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 11, propela huzunguka karibu mara 52 kwa sekunde hiyohiyo, na meno hukutana karibu mara 570. Kitu kinachozunguka na tairi au propela utakihisi kama mtetemo wa kitini, mzito. Meno yanayosigana huimba juu zaidi, sauti ambayo mtu anaweza kuifuatisha kwa mdomo uliofumbwa. Kuna programu za simu zinazoonyesha masafa ya sauti. Rekodi, tafuta idadi ya meno ya difu yako, ulinganishe. Si ushahidi wa mwisho, maana beringi nazo zina masafa yake, lakini utakuwa na kitu cha kuweka mezani kisichokuwa lawama.

Jambo moja tu nisingelisubirisha, nalo ni oili. Difu ikikauka inaweza kukwama kwa joto na kufunga magurudumu ya nyuma kwenye mwendo, yaani kile unachokiogopa. Gari likiwa limesimama sawasawa, fungueni kwanza bolti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, msije mkamwaga halafu ya juu ikagoma kufunguka. Oili inapaswa kufika mdomoni mwa tundu. Kisha, ikiwa bolti ya kumwagia ina sumaku, itazameni. Tope la kijivu lililo laini kama krimu kati ya vidole ni la kawaida. Vipande unavyoweza kuvinyanyua kwa ukucha, au chembe zinazochoma kidole, ni habari nyingine, na hapo gari lisiendeshwe hadi difu ifunguliwe.

Tukirudi kwa kaka. Umeniambia alilizungusha mtaa mmoja. Mvumo wako unaanzia 80. Ina maana hajawahi kuusikia! Alichojibu ni kelele za mtaani, na kwa hizo jibu lake linaweza kuwa sahihi. Wewe ulichukua jibu hilo ukaliweka juu ya sauti ambayo hakupewa nafasi ya kuisikia, kisha ukanyamaza, na miezi mitatu ya kunyamaza inafanya neno dogo lionekane kubwa. Najiuliza, unadhani angechagua kipi: kusikia kutoka kwako, au kuona difu nyingine imefungwa chini ya gari alilolitengeneza?

Ukimwalika mwende pamoja barabarani, yeye akisikiliza na wewe ukiendesha, huenda akanuna. Mafundi tuna kiburi cha mikono. Huenda pia akainama sikio likielekea nyuma, na uso ukabadilika. Ukienda kwa fundi wa tatu kimyakimya, unapata macho mapya, lakini mafundi hujuana na habari hutembea. Yule wa pili aliyesema ubadilishe nzima alikuwa amesikiliza dakika tano bila kushusha oili. Huenda amepatia, ila swali lake, "Nani alifungua hapa?", lilihitaji swali lako: umeona nini? Unyevu kwenye sili? Nati isiyo na alama? Au alitaka tu kazi?

Difu iliyotumika nayo ina historia yake usiyoijua, na uwiano wa meno ukitofautiana na wa kwako gari litabadilika tabia, hata kompyuta yake inaweza kuchanganyikiwa. Kuifungua hii uliyonayo na kuipanga upya kunataka vipimo vya mwanya na vya mkazo mdogo, na si kila gereji inavyo. Kaka asipokuwa navyo si aibu, na pengine angependa kwenda nawe kwa mwenye navyo kuliko kuachwa nyuma. Unaweza pia kuendelea kuendesha taratibu huku ukiandika tarehe na sauti. Ikiwa ni tairi au bushi hutapoteza kitu. Ikiwa ni beringi ya pinioni itakua wiki hadi wiki, na kila wiki itakula meno ambayo bado ni mazima.

Kuhusu kuliuza, umeliandika mwishoni kabisa, haraka, na nadhani wewe mwenyewe hukulipenda. Ukiliuza ukamweleza mnunuzi unachokijua, hilo ni uamuzi wako na sina neno. "Ajijue" ndilo lililonisumbua, kwa sababu atakayeketi kwenye kiti hicho naye ana mtu anayemsubiri.

Mkeo usimlazimishe apande. Lakini ukimweleza zile hatua za kukanyaga, kushikilia na kuachia, huenda akakubali kushika daftari mara moja, au huenda akasema ngoja kwanza oili itazamwe, na hapo atakuwa amesema kweli.

Kama utaamua kuzungumza na kaka, kuna swali ambalo fundi anaweza kulipokea kutoka kwa aliyemshikia taa: "Kaka, ile nati iliyolia kama risasi, uliiwekea alama kabla ya kuifungua?" Huenda akasema ndiyo, akakuonyesha. Huenda akanyamaza kidogo, kisha akaenda kuchukua jeki. Vyovyote itakavyokuwa, niandikie tena, na uniambie sumaku ilikuwa imeshika nini.